Kabla ya Kununua Gari: Leseni za Utalii kwa Anayeanzia Moi's Bridge

Kila msimu, mahindi yakishauzwa Moi's Bridge na pesa zikiwa bado mkononi, kuna kijana mmoja au wawili wanaonijia na wazo lilelile: kununua gari la kubeba watalii. Mara nyingi gari lenyewe wameshaliona. Lina paa la kufunguka, limefanya kazi Nairobi miaka kadhaa, na mwenyewe ana haraka ya kuliuza. Wananiuliza kama bei ni ya haki. Nami huwauliza: wageni utawapeleka wapi? Wakinitajia mahali, nauliza la pili: ardhi hiyo iko chini ya nani?

Swali la pili ndilo huwanyamazisha. Na mwongozo huu nauandika kwa sababu yake, kwa kuwa nimeona watu wakianza na gari, wakamaliza akiba yao, kisha wakafika langoni na wageni wanne waliolipa wakaambiwa warudi. Wewe anza na ardhi. Ukijua iko chini ya nani utajua unapiga hodi mlango gani, na leseni zinazobaki zitajipanga zenyewe nyuma ya jibu hilo.

Tunapokaa ni pazuri kwa biashara hii, kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mto Nzoia unaopita chini ya daraja letu hukusanya maji ya milima ya Cherangani na ya Mlima Elgon. Kupanda Kitale kisha kushika barabara ya Kapenguria kunakufikisha Saiwa. Kupitia Endebess kunakufikisha lango la Chorlim la Mbuga ya Mlima Elgon. Kusini kuna msitu wa Kakamega, na mashariki, ukishuka kutoka Iten, kuna bonde la Kerio na ndovu wake wa Rimoi. Eldoret, iliyopewa hadhi ya jiji mwezi wa Agosti 2024, ina uwanja wa ndege. Mgeni anaweza kutua asubuhi na jioni ileile akawa anasikiliza korongo taji kwenye kinamasi.

Historia nayo ina la kutufunza hapa. Mji huu uliitwa Hoey's Bridge, kwa jina la Arthur Cecil Hoey, mlowezi na mwindaji aliyejenga daraja juu ya Nzoia mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, akiwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alifika uwanda wa Uasin Gishu akawinda hadi kando ya mto huu. Siku hizo leseni ilikuwa ya bunduki: serikali ya kikoloni iliuza kibali, na kibali kilitaja ni wanyama wangapi wa aina gani mwenye nacho ataua. Waliokuwa wakiishi na wanyama hao hawakuulizwa. Uwindaji wa starehe ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, lakini kwetu marufuku hiyo ilikuwa imechelewa. Twiga wa Rothschild, waliokuwa wakila majani ya migunga ya Soy, jirani na hapa, walikuwa wamebaki wachache katika shamba lililokuwa mbioni kugawanywa. Mwaka 1974 Jock na Betty Leslie-Melville walimchukua ndama mmoja, wakamwita Daisy, wakamlea Lang'ata, Nairobi. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa Kituo cha Twiga kinachofurika watalii leo. Mtoto wa Soy anayetaka kumwona twiga hulipa nauli ya basi hadi Lang'ata, kwenda kumtazama mnyama ambaye ukoo wake ulitoka nyuma ya shule yake. Leseni ikitolewa ovyo huacha pengo la namna hiyo, na mimi sipendi tuachie watoto wetu pengo lingine.

Ardhi iko chini ya nani

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 62, inaziweka mbuga za kitaifa na misitu ya serikali katika ardhi ya umma. Ni yako na ni yangu, ila usimamizi umegawanywa, na ukikosea msimamizi unapoteza miezi.

Mbuga za kitaifa ziko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS. Kwetu hizo ni Saiwa na Mlima Elgon. Hifadhi za kitaifa, ambazo watu wengi huzichanganya na mbuga, kwa kawaida ziko chini ya serikali ya kaunti. Rimoi ni hifadhi, kwa hiyo anayetaka kufanya biashara huko abishe hodi kwanza kwa kaunti ya Elgeyo Marakwet pale Iten, hata kama atawakuta askari wa KWS kwenye eneo lenyewe. Misitu ya serikali, ikiwemo misitu mingi ya Cherangani, iko chini ya Shirika la Huduma za Misitu, KFS, na hufuata Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016.

Kakamega ndipo mtihani wenyewe. Msitu ni mmoja, nyani hawajui mpaka, lakini upande wa kaskazini, Buyangu, uko chini ya KWS, na upande wa kusini, Isecheno, uko chini ya KFS. Ada ni mbili, walinzi ni wa mashirika mawili, na waongozaji wa kila upande wana utaratibu wao. Ukimwahidi mgeni "msitu wa Kakamega" bila kusema upande, umeahidi usichokijua.

Ya mwisho ni ardhi ya watu wenyewe. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, inamruhusu mwenye shamba, au jamii kwa pamoja, kuanzisha hifadhi yao na kuisajili. Nakutajia hili kwa makusudi. Wengi wa Moi's Bridge wana vipande vya ardhi vinavyogusa mto au kijito, na wanaviona kama hasara kwa sababu havilimiki. Kipande kama hicho chenye papyrasi, miti ya asili na ndege kinaweza kuwa njia ya matembezi. Kumbuka tu kwamba ukanda wa kando ya mto, kati ya mita 6 na 30 kulingana na mto wenyewe, una masharti yake: usijenge pale, usikate miti pale. Na njia ya matembezi ya kulipisha nayo inahitaji leseni ya utalii, kwani Sheria ya Utalii imeitaja kwa jina katika orodha yake. Usidhani kwa kuwa shamba ni lako basi hakuna wa kukuuliza.

Karatasi zenyewe

Jibu la ardhi likiwa mkononi, sasa fungua biashara. Sajili jina au kampuni kupitia eCitizen, chukua namba ya mlipa ushuru ya KRA kwa jina hilo, na ufungue akaunti ya benki ya biashara, siyo ile unayopokelea pesa za mahindi. Wanaopuuza hili la akaunti ndio hushindwa kuonyesha hesabu wanapotakiwa.

Leseni kuu ni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, TRA. Sheria ya Utalii ya 2011 inasema wazi kwamba hakuna atakayefanya shughuli zilizoorodheshwa humo bila leseni ya mamlaka hii. Orodha ni ndefu: hoteli na mikahawa, kampuni za kutembeza watalii, wakodishaji wa magari ya watalii, wenye kambi na wakodishaji wa mahema, waongoza watalii. Soma orodha hiyo ukitafuta jina la kazi utakayoifanya hasa. Kijana anayenunua gari akidhani ni mfanyabiashara wa usafiri hugundua hapo kwamba akiongeza malazi na chakula katika bei moja, amekuwa kampuni ya utalii. Na akipanda gari mwenyewe akaanza kueleza ndege na historia, amekuwa mwongozaji pia, jambo ambalo lina leseni yake. Ni kazi mbili mikononi mwa mtu mmoja, na sheria inazihesabu mbili.

Kabla ya kukupa leseni, TRA itataka kukagua. Watatazama ofisi, magari, bima, usajili na hali ya ushuru. Ofisi haihitaji kuwa ya vioo. Chumba kimoja safi kando ya barabara ya Kitale chenye jina mlangoni, kabati la faili linalofungwa kwa ufunguo na sanduku la huduma ya kwanza kinaweza kukutosha kuanzia. Kabati nimelitaja kwa sababu utakuwa na nakala za pasipoti za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakudai uzitunze. Usiziache kwenye simu ambayo watoto wanachezea.

Kaunti nayo ina leseni yake ya biashara, inayotolewa pale ofisi yako ilipo. Hapa Moi's Bridge pana utata kidogo. Mji uko kaunti ya Uasin Gishu, lakini Trans Nzoia na Kakamega ziko karibu kiasi kwamba mtu anaweza kulala kaunti moja na kufungua duka nyingine. Kabla ya kukodi chumba, uliza kiko upande gani. Leseni ya Uasin Gishu haitakusaidia ikiwa mlango wako unafungukia Trans Nzoia. Lakini huhitaji leseni ya biashara ya Trans Nzoia kwa sababu tu umewapeleka wageni Saiwa na kurudi. Kule unalipa kiingilio, ofisi unayo kwako.

Kuhusu gari sitasema mengi, maana ndilo jambo ambalo vijana hunifundisha mimi. Linahitaji ukaguzi na leseni ya kubeba watalii kutoka NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na dereva awe na beji ya PSV na cheti cha tabia njema. Neno moja tu la bima. Gari la nyumbani lenye bima ya kibinafsi likibeba mgeni anayelipa, siku ya ajali kampuni ya bima itasoma sera yake na kukataa, na itakuwa na haki. Nimeona familia ikiuza ekari mbili kwa sababu ya safari moja ya namna hiyo. Mgeni hakufa, alivunjika mguu tu.

Ukiwa na malazi au chakula katika biashara yako, uliza pia kuhusu Hazina ya Utalii, ambayo hutoza asilimia 2 ya mapato ya hoteli na mikahawa. Ni pesa ya mgeni, wewe unaikusanya tu, kwa hiyo iweke kando tangu siku ya kwanza.

Kuna mambo mawili ambayo si leseni ya serikali lakini yana uzito. Chama cha Waongoza Safari Weledi wa Kenya, KPSGA, kilichoanzishwa mwaka 1996, hutahini waongozaji kwa ngazi tatu: shaba, fedha na dhahabu. Kampuni nyingi kubwa hazikuajiri bila shaba. Na KATO, chama cha kampuni za utalii, huwapa wateja wa nje uhakika kwamba hukuanza jana usiku. Kama mfuko wako unaruhusu kimoja tu mwaka wa kwanza, chagua mtihani wa shaba. Ujuzi wa ndege na miti hauibiwi, na hauhitaji kutiwa mafuta.

Kuingia si sawa na kujenga

Wengi wanachanganya haki ya kuingia na haki ya kufanya biashara ndani. Ukiwa na leseni ya TRA na ukalipa ada za langoni, unaweza kuwaleta wageni, kuwatembeza kwenye njia zilizoruhusiwa, na kutoka jioni. Hapo umemaliza.

Ukitaka kuweka kambi ya kudumu, kukodisha baiskeli au farasi ndani ya mbuga, kujenga banda la chai, au kupiga filamu ya kuuza, hiyo ni habari nyingine kabisa. Sheria ya 2013 inatambua matumizi ya wanyamapori yasiyoua mnyama, na inayataja: utalii, upigaji picha wa kibiashara, elimu, utafiti, utamaduni na dini. Kila mojawapo lina kibali chake. KWS hutazama kwanza mpango wa usimamizi wa mbuga hiyo, ambao hugawa eneo katika kanda: hapa pa matumizi ya wageni, hapa paachwe kabisa. Kama wazo lako linaangukia kanda ya kuachwa, hakuna ada itakayolibadilisha. Kama linaangukia pazuri, mara nyingi nafasi hutangazwa na watu wengi wanashindana. Ardhi ya umma haitolewi kwa kujuana, na ukiambiwa na mtu yeyote kwamba inawezekana "kupitia njia ya mkato", ujue unanunua kesi.

Katika msitu wa KFS mlango ni mwingine, na kwa watu wa kipato chetu ni mzuri zaidi. Sheria ya 2016 inaziruhusu jumuiya za misitu, zile ambazo watu huita CFA, kuingia makubaliano na KFS na kupata haki za matumizi, utalii wa mazingira ukiwemo. Waongozaji wa Isecheno wamefanya kazi kwa chama kwa miaka mingi. Mtu mmoja hawezi kubeba gharama ya mpango wa usimamizi, lakini jumuiya yenye watu mia mbili wanaochanga inaweza. Kwa hiyo kama ndoto yako ni njia ya matembezi kwenye miteremko ya Cherangani, usianze na kampuni. Anza na jumuiya ya msitu iliyo karibu, uwe mwanachama, hudhuria mikutano, panda miche pamoja nao. Inachukua muda.

Ukijenga chochote, hata mabanda manne ya mbao, NEMA, mamlaka ya mazingira, wana kauli. Kanuni za 2019 zimegawa miradi katika hatari ndogo, ya kati na kubwa, na aina ya ripoti inafuata hatari hiyo. Ajiri mtaalamu aliyesajiliwa na umwambie ukweli wote kuhusu choo na maji machafu. Choo cha shimo kilichochimbwa juu ya kinamasi ndicho huharibu kazi.

Droni usiirushe bila kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga na cha wenye mbuga. Ndege wakiacha viota kwa woga, hakuna picha inayofidia.

Siku moja Saiwa

Sasa hebu nikupeleke mahali, kwa sababu karatasi bila mahali hukinaisha.

Saiwa ilitangazwa kuwa mbuga ya kitaifa mwaka 1974 kwa ajili ya mnyama mmoja, nzohe. Ina takriban kilomita za mraba 3 tu, ndiyo mbuga ndogo kuliko zote nchini. Huingii na gari: unaliacha langoni na kutembea kwa miguu juu ya njia za mbao, hadi kwenye majukwaa ya kutazamia yaliyoinuliwa juu ya matete. Ewe uliyetaka kununua gari la paa la kufunguka, fikiria hilo. Mbuga iliyo karibu sana nawe haitaki paa lako. Inataka mtu anayejua kutembea kimya.

Nzohe ni swala wa majini, mwenye kwato ndefu zilizopanuka ili asizame kwenye tope. Akitishwa hujitosa majini na kubakiza pua nje. Huonekana alfajiri na jioni, mchana hulala ndani ya matete. Mgeni anayefika saa nne akiwa na redio, ataondoka akisema hakuna kitu. Kwa hiyo wewe unayetaka wageni wafike jukwaani mapema, lazima wawe wamelala Kitale au kambini, na bei yako iwe imehesabu usiku huo. Katika miti ya kando utawaonyesha kima wa De Brazza mwenye ndevu nyeupe, ambaye nchini Kenya hapatikani sehemu nyingi, na shorobo wenye mabawa mekundu. Hapo Kipsaina, jirani na mbuga, kuna wakulima waliojipanga miaka mingi kulinda korongo na ardhi oevu. Waite wakueleze. Walipe. Mgeni atakumbuka mazungumzo yao kuliko utakavyodhani.

Tatizo la Saiwa ni kwamba mashamba yameikaribia pande zote, na mbolea na udongo wetu huingia majini. Silisemi kama mtu wa nje, nasi tunalima. Idadi ya watu utakaoleta kwa siku moja ina maana mahali padogo hivyo. Vikundi vya watu sita vinatosha. Ukipata basi la watu arobaini, ligawe kwa siku au ulipeleke kwingine. Leseni haijakuwekea kikomo hicho, jiwekee mwenyewe, na ukieleze kwenye bei.

Ada hulipwa kwa eCitizen kabla ya kufika au pale langoni, si kwa fedha taslimu. Viwango hutofautiana kwa raia, wakaazi na wageni wa nje, na KWS walitoa viwango vipya mwaka 2025, kwa hiyo usinakili bei ya tangazo la mwenzako. Mpe mgeni risiti ya serikali kama ilivyo, na faida yako uiandike kwenye mstari wake. Nasisitiza hili kwa sababu ndipo uaminifu wa mji mzima unapopotelea. Mgeni aliyetozwa ada ya uongo humwambia kila mtu, na anayetajwa si wewe peke yako, ni Moi's Bridge.

Mlimani, na kwa wenye mlima

Mlima Elgon ni mbuga tangu 1968, kilomita za mraba 169 upande wa Kenya. Pango la Kitum ndilo huwavuta watu: ndovu huingia gizani usiku na kung'oa chumvi ya mwamba kwa pembe zao. Kupanda kilele cha Koitoboss, chenye mita 4,222, unahitaji kuongozana na askari wa KWS, na gharama yake ni sehemu ya bei yako. Usiifute ili ushinde mwenzako kwa bei.

Kuhusu pango, kuna jambo ambalo mwongozaji mwaminifu husema kabla ya kuingia. Mwaka 1980 na mwaka 1987 watu wawili waliougua virusi vya Marburg walikuwa wametembelea Kitum siku chache kabla, na popo wa mapangoni ndio hushukiwa kubeba virusi hivyo. Mweleze mgeni, mpe barakoa na glavu, mwambie asiguse kinyesi cha popo, na aliye mjamzito au mgonjwa abaki nje na chai. Anayeficha habari hii ili asipoteze mteja hastahili leseni yoyote.

Ukivuka upande wa Uganda kupitia Suam kuelekea kilele cha Wagagai, leseni yako ya Kenya inaishia mpakani. Kule kuna Bodi ya Utalii ya Uganda na mamlaka ya wanyamapori ya huko. Tafuta mwenzako Mganda mwenye leseni, mkabidhiane wageni kwa mkataba. Tanzania vivyo hivyo: wana leseni yao, ambayo watu huita TALA, na makubaliano ya mwaka 1985 baina ya nchi zetu hayaruhusu magari ya watalii ya Kenya kuingia katika mbuga zao.

Ipo habari nyingine ya milimani ambayo haimo katika fomu yoyote. Waogiek wa Chepkitale waliiona ardhi ya babu zao ikitangazwa kuwa hifadhi mwaka 2000, na wamekuwa wakiidai tangu hapo. Wasengwer wa Embobut, huko Cherangani, wamefukuzwa msituni mara nyingi. Januari 2018 Msengwer mmoja alipigwa risasi akafa wakati wa operesheni ya walinzi wa msitu, na Umoja wa Ulaya ukasitisha fedha za mradi wake wa kuhifadhi vyanzo vya maji vya Mlima Elgon na Cherangani. Unaweza kuwa na karatasi zote, ukawapeleka wageni kwenye uwanda mzuri wa msituni, na ukawa unapita juu ya jivu la nyumba ya mtu. Kabla ya kuuza njia yoyote ya Cherangani au ya juu ya Elgon, kaa na wazee wa pale. Uliza nani alikuwa akiishi hapa. Wakisema hawataki, usiende, hata kama kibali cha ofisi kinakuruhusu. Hilo ni shauri langu, si la sheria, na silibadilishi.

Mwaka ukigeuka

Leseni hizi nyingi ni za mwaka mmoja. Andika tarehe za kuisha kwenye kalenda ya ukutani, maana kalenda ya simu hupotea na simu. Bima, ukaguzi wa gari, TRA, kaunti, beji ya dereva: kila moja ina siku yake. Ukaguzi wa langoni hauangalii uso wako wala miaka uliyokuja. Na mwongozaji wako akiondoka, leseni yake inaondoka naye, kwa hiyo wafunze wawili.

Gharama za mwaka wa kwanza zinaweza kuwa kubwa kuliko mapato yake. Ninawaambia vijana wangu waanze wakiwa waongozaji wa miguu wenye leseni, wakikodi gari la mwenye gari anayetambuliwa, na wawekeze pesa ya mahindi katika darubini mbili nzuri, buti na mtihani wa shaba. Gari litakuja mwaka wa tatu, likija na wateja wake tayari.

Kwa sasa, wiki hii, fanya jambo moja. Panda matatu hadi Kitale, ulale huko, na alfajiri uende Saiwa ukiwa mgeni wa kawaida. Lipa kiingilio chako kwa simu, uingie lango linapofunguka saa kumi na mbili, ukae juu ya jukwaa bila kusema neno hadi nzohe atoke kwenye matete. Ukitoka, muulize askari wa langoni ni nani husimamia njia hizo na ni biashara gani zinaruhusiwa humo. Jibu lake liandike. Ndilo ukurasa wa kwanza wa maombi yako.